Hesabu za Mtabila

Buffalo, Jumapili, 16 Novemba 2025

Mdogo wangu Caritas,

Nakuandikia nikiwa mezani jikoni, viatu sijavua, miguu imevimba kwa kusimama kiwandani wiki nzima. Sisi wazima, wifi yako Elisabeth anakusalimu. Tangu tulipogombana kwenye simu siku ya Pasaka tulikubaliana mambo mazito yapitie kwenye karatasi, maana karatasi haimkatizi mtu maneno. Hili ni zito, lisome umekaa.

Siku ya posa ya mwanao Medard imepatikana. Ni Jumamosi tarehe 6 Desemba, saa nane mchana, nyumbani kwa Mzee Nshombo kule Cheektowaga. Nilikwenda kwake mwenyewe na kreti mbili za soda. Yule mzee ni mgumu, dada. Nilimwomba sherehe iwe kwako Louisville, akasema hatoki Cheektowaga. Nilimwomba Ijumaa, akakataa. Jumapili akasema ni ya Mungu. Ni Jumamosi tu, na ni kwake tu, kama vile sisi hatuna kazi wala safari. Halafu akanikumbusha ya Agosti, tulivyoahidi kuja na tusije kwa sababu kijana aliitwa mazoezini. Akanyoosha kidole, akasema kwa kile Kiswahili chao cha Bukavu: "Mara moja nimesamehe. Mara ya pili, mutafute mutoto kwa nyumba ingine." Binti yake Nabintu alikuwa anapitisha sahani, akasimama katikati ya chumba akimtazama baba yake. Anampenda Medard yule binti, hilo halina ubishi.

Najua utauliza habari ya mpira wake, ule wa Kimarekani wa kuvaa helmeti. Nimeshapiga hesabu. Ligi yao ina vyuo tisa, na wawili wa juu wanacheza fainali hiyo hiyo tarehe 6, pale pale Columbus anakosoma. Wa kwanza ameshajulikana, hajafungwa na mtu. Nafasi ya pili inagombewa na chuo cha Medard na chuo kingine kimoja. Hata wakina Medard wakishinda mechi yao ya mwisho Jumamosi hii, watalingana tu na wale. Wakilingana, tunatazama tofauti ya pointi za kufunga na kufungwa. Wale wana themanini na nane, sisi thelathini na moja. Washinde kwa pointi hamsini, bado hawafiki. Wametoka, Caritas. Tarehe 6 kijana yuko huru.

Usiniulize nimejuaje. Miaka tisa nilikuwa katibu wa ligi ya soka ya kambi ya wakimbizi ya Mtabila, na hakuna timu iliyowahi kunikatia rufaa ikashinda.

Omba ruhusa kazini mapema.

Kaka yako,
Leopoldi


Louisville, Alhamisi, 20 Novemba 2025

Kaka Leopoldi,

Shikamoo. Barua yako imefika nikiwa nimetoka kukunja mashuka ya hospitali, saa kumi nzima bila kukaa, na vidole vyangu havitaki hata kushika kalamu. Msimamizi amenipa siku mbili. Ndizo za mwisho nilizokuwa nazo mwaka huu, kwa hiyo nikiugua Desemba nitaugulia kazini.

Nimefurahi, kaka, ila mwili umechoka hata kufurahi. Nguo yangu ya imvutano, vazi letu la sherehe, nimeitoa sandukuni, nimeipiga pasi, nimeirudisha. Marehemu baba yake Medard angekuwepo, ndugu zake ndio wangesimama kusema posa. Wewe ni mjomba, kazi hii si yako kimila, nami nakushukuru kwa kuibeba. Lakini uibebe vizuri.

Mimi mpira wao siuelewi. Mwaka jana nilikwenda Columbus, nikakaa kwenye baridi saa tatu na nusu, mwanangu akaingia uwanjani mara mbili, akapiga teke, akatoka. Nikamwuliza yule mama niliyekaa naye, ndiyo hivyo tu? Akacheka. Wanamweka pale kwa ajili ya teke moja, na teke lenyewe anaamua kocha kama lipigwe au lisipigwe. Nilirudi nyumbani Beechmont nimepata mafua ya wiki mbili.

Kwa hiyo nakuuliza swali moja la mtu asiyejua. Hayo ya tofauti ya pointi, umemwuliza Medard mwenyewe? Nilipompigia aliniambia "it's fine, Mom," na wewe unajua watoto hawa, nyumba ikiungua watakuambia it's fine.

Muulize, kaka. Tukimwangusha Mzee Nshombo mara ya pili hatutakuwa na mlango wa kubisha tena.

Mdogo wako,
Caritas


Columbus, 23 Novemba 2025

Shikamoo Mjomba,

Naandika kwa Kiswahili, nikikosea unisamehe. Mama amesema lolote la mpira na tarehe 6 nikuandikie wewe kwanza, si yeye.

Tulishinda jana. Tumelingana na wale wengine. Mjomba, tumeingia fainali.

Mama amenisomea kwenye simu hesabu yako. Pointi umezihesabu sawa kabisa, nimeangalia, ni themanini na nane na thelathini na moja. Lakini ligi yetu haianzi na pointi. Timu mbili zikilingana wanatazama kwanza nani alimfunga nani walipokutana. Sisi tulikutana nao Oktoba. Tulikuwa nyuma kwa pointi mbili, imebaki sekunde tisa, kocha akaniita, nikapiga, ikapita kati ya milingoti, pointi tatu. Tukashinda kwa pointi moja. Lile teke langu ndilo limetuingiza fainali, na ndilo limeharibu tarehe 6.

Sheria imeandikwa kwenye tovuti ya ligi. Ilikuwa hapo tangu mwanzo. Hukuniuliza, Mjomba. Ungeniuliza ningekuambia.

Fainali inaanza saa saba mchana. Kutoka hapa mpaka Cheektowaga ni saa tano kwa gari. Haiwezekani vyote.

Kuna kitu kingine. Tangu Oktoba nimekosa mateke mawili, yote mawili ya karibu. Kocha haongei na mimi kama zamani. Sijui kama atanitumia. Lakini ni mwaka wangu wa mwisho, baada ya hapo hakuna mpira tena, ni kutafuta kazi kama watu wote.

Nimpigie Mzee Nshombo? Namwogopa. Nabintu amesema nisimpigie, atakasirika tu. Niambie nifanye nini.

Medard


Buffalo, Jumatano, 26 Novemba 2025

Mdogo wangu Caritas,

Kuna mkorogo kidogo. Usishtuke.

Ligi ya Medard imebadilisha sheria katikati ya msimu. Wamarekani ndivyo walivyo, leo hivi, kesho vile. Badala ya kutazama tofauti ya pointi, sasa wanatazama mechi ya timu mbili zenyewe. Kwa hiyo kijana ameingia fainali, tarehe ile ile, mchana ule ule. Hakuna mtu ambaye angeweza kulijua hilo.

Kuahirisha hatuwezi. Mzee ameshaalika watu arobaini, viti vimeazimwa kanisani, na lile onyo la Agosti bado nalisikia masikioni. Kumzuia kijana pia siwezi, ni fainali yake ya kwanza na ya mwisho. Nimekaa nalo tangu jana. Kiwandani nimefunga maboksi bila kuyapiga lebo, msimamizi akaniita mara mbili.

Nimepanga hivi. Sisi tunakwenda kama kawaida. Mwenyeji atasema, mimi nitajibu, na unanijua nikishika neno. Nitaanzia kwa babu zetu kule Rutana, nipite Mtabila, nifike Buffalo bila haraka. Watakapouliza kijana yuko wapi, nitasema theluji imemkwamisha njiani pale Erie. Desemba barabara ile inafungwa kila mara, hakuna atakayeshangaa. Tutaomba watupokee, yeye atafuata kesho yake. Nimemwambia Medard acheze.

Usimdokeze Mama Nabintu chochote. Ukiulizwa, wewe hujui, umetoka Louisville kwa basi.

Kaka yako,
Leopoldi


Louisville, Jumatatu, 1 Desemba 2025

Kaka,

Shikamoo. Nilitaka kukupigia simu nikajizuia, maana ningesema maneno ya kujutia.

Sheria haikubadilika. Nimemwuliza Medard, akasema, "Mama, ilikuwa hivyo tangu mwanzo." Ulikuwa hujui, hukuuliza, na ulipojua ukawasingizia Wamarekani. Mimi ndugu yako ukanidanganya kwa barua, na sahihi ukaweka. Kaka, sikukasirikia kosa. Kila mtu anakosea. Mtu mzima uliyehesabu mechi za watoto wa kambini miaka tisa, ungekosaje kuhesabu kwa njia ile ile? Hilo naliona hata mimi nisiyejua mpira. Nimekasirikia theluji yako ya kusingizia Erie.

Nimechoka, Leopoldi. Miaka kumi na saba niko nchi hii nasema it's fine kwa kila mtu. Kwa msimamizi, kwa mwalimu, kwa daktari. Nikifika kwa Mama Nabintu niseme tena uongo, na ameniita dada? Huyo mama kila Jumapili baada ya ibada ananipigia kuniuliza kama nimekula. Mimi siwezi. Nikiulizwa nitakaa kimya, na wewe ndiye utakayesema, lakini ujue kimya changu hakitakusaidia.

Medard naye ananiuliza, "Mama, unataka nifanye nini?" Nikamwambia usiniulize mimi. Ukikosa binti utanilaumu, ukikosa mpira utanilaumu. Nikakata simu, nikalia, nikaenda kazini.

Nitafika kwa basi Ijumaa jioni. Elisabeth asinipikie, nitakuwa sina hamu.

Caritas


Buffalo, Jumatatu, 8 Desemba 2025

Mwanangu Medard,

Mama yako ameondoka jana kurudi kazini. Ameniachia mimi kazi ya kukuandikia, nami nakuandikia kila kitu, maana unakihitaji kabla ya Jumamosi.

Tulifika saa nane kamili. Jua linawaka, Medard. Lilikuwa jua ambalo Buffalo hailioni mwezi mzima. Na kwenye kiti cha kwanza nikamkuta Mzee Bisogo, msemaji wa upande wao, ametoka Erie asubuhi hiyo, viatu vyake vikavu hata vumbi havina. Theluji yangu ikayeyuka palepale.

Nikasema basi, lililobaki ni maneno. Bisogo akatukaribisha, akauliza sisi ni kina nani. Nikaanzia Rutana. Nikamtaja babu, na baba wa babu, na ng'ombe wao kwa rangi. Nikamaliza, nikakaa, nikitegemea ataniambia sawa, leteni kijana. Wapi! Akasimama akaniuliza huyo babu wa tatu alizikwa wapi. Nikajibu. Akauliza na mke wake alitoka ukoo gani. Nikajibu. Akaomba tusali. Tukasali. Akaomba watu wanywe soda kwanza, kisha akaanza ukoo wa Nshombo, kijiji kwa kijiji, mpaka watoto wakasinzia. Kila nikidhani amefika, anarudi nyuma. Moyoni nikasema huyu mzee ananikomoa, amejua kijana hayupo, anataka nichoke nianguke mwenyewe. Nikapiga moyo konde, nikaeleza safari ya Mtabila hatua kwa hatua. Tukaenda hivyo saa mbili nzima, wazee wawili tunashindana kutofika mwisho. Mama yako alikuwa ananitazama tu.

Karibu saa kumi nikaishiwa. Nakuapia, nilisimama nikafungua mdomo na hakuna babu aliyebaki. Nikamtazama mama yako, nikasema: "Mzee Nshombo, kijana hayupo. Hakukwama barabarani. Yuko Columbus anacheza fainali, na kosa ni langu. Nilipiga hesabu za Mtabila kwenye mpira wa Wamarekani, nikaweka siku isiyofaa, kisha nikaona haya kusema. Ukitaka kutufukuza, utufukuze kwa kosa langu, si lake."

Mzee akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka! Akacheka mpaka akakohoa, mkewe Esperance akampa maji. Akasema, "Bon. Sasa na miye niseme. Mutoto yangu pia haiko. Ameamuka asubui, amepanda basi ya Columbus, ameacha karatasi kwa mulango ya frigo." Bisogo akajifuta jasho, akasema, "Leopoldi ndugu yangu, ungesema mapema. Koo imenikauka juu yako."

Basi wewe ulikuwa naye huko na hukujua tulivyokuwa tunateseka huku. Kijana mmoja akaegemeza simu kwenye chupa ya Fanta, tukakusanyika, watu arobaini na simu moja. Tukakuona. Umesimama pembeni na helmeti kichwani. Mzee akauliza kila dakika, "Mbona haingie?" Nikamweleza kwamba anaamua kocha. Zikabaki sekunde nne, mko nyuma kwa pointi mbili, mpira uko mbali kidogo na milingoti. Hata mama yako alisimama. Kocha akawaacha wale wakubwa uwanjani, wakarusha, mpira ukaanguka chini. Kwisha. Hukuitwa hata mara moja.

Pole, mwanangu. Nasema pole kwa moyo wote.

Mzee hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. Alisema: "Ule mutoto akuye Jumamosi. Peke yake. Aniambiye kwa kinywa yake juu ya nini hakukuya." Nikamwambia nimeshaeleza kwa nini hukuja. Akasema, "Wewe umeniambia juu ya nini wewe ulikosa. Yeye bado."

Kwa hiyo binti hatujapewa. Imebaki juu yako. Njoo, na uje na jibu.

Mjomba wako,
Leopoldi


Columbus, 12 Desemba 2025

Shikamoo Mjomba,

Barua hii nakuja nayo mkononi. Nitakupa tukiwa kwenye gari, kwa sababu nikisema kwa mdomo nitashindwa. Isome kabla hatujaingia kwa Mzee.

Ile Alhamisi kabla ya fainali kocha aliniita ofisini. Aliniambia mwenzangu ndiye atapiga mateke yote. Kisha akasema, nimesikia Jumamosi una sherehe ya familia, nenda, hakuna atakayekulaumu. Aliniruhusu, Mjomba. Ningepanda gari usiku huo ningekuwa Cheektowaga asubuhi na suti yangu.

Sikumwambia Mama. Sikukuambia wewe. Nabintu nilimwambia kocha amekataa kuniachia, ndiyo maana akapanda basi kuja, akaogopa nitakuwa peke yangu.

Nilibaki kwa sababu nilipiga hesabu zangu. Mwenzangu anapiga vizuri ila mguu wake haufiki mbali. Wangu unafika. Nikasema kama mwisho wa mchezo wakihitaji teke la mbali, hawana mtu mwingine, lazima waniite. Na ikawa hivyo hivyo! Sekunde nne, yadi hamsini na moja. Nilifunga helmeti. Kocha aligeuka, akanitazama machoni, nikaona anafikiria. Nilihesabu moja, mbili. Kisha akageuka upande wa pili akawaambia wale wengine warushe.

Simlaumu. Nilikosa mawili ya karibu. Hata mimi sijui ningepiga lile.

Lakini sasa Mzee ananiuliza juu ya nini hukuja. Nikimwambia kocha alinikatalia, atanisamehe. Nikimwambia niliruhusiwa na nikabaki kusimama bure, ataona sikumheshimu yeye na binti yake. Na Nabintu atajua nilimdanganya. Nitamkosa, Mjomba. Nisaidie, nimechoka, sijalala vizuri wiki nzima.

Medard


Buffalo, Jumapili, 14 Desemba 2025

Mdogo wangu Caritas,

Keti. Nakueleza ya jana kama yalivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza, maana nimekoma.

Medard alifika saa tano asubuhi, amekonda uso. Tukiwa tumeegesha gari mbele ya nyumba ya Mzee alinipa barua. Nimeifunga humu ndani uisome mwenyewe. Niliisoma mara mbili. Kijana aliruhusiwa, Caritas! Sisi tumetaja mababu mpaka wameisha, naye alikuwa na ruhusa mfukoni.

Na ushauri niliompa nauona aibu kukuandikia. Nilimwambia: "Mwambie kocha alikataa. Nani atamwuliza kocha?" Ndiyo, mimi yule yule, wiki moja baada ya kusimama mbele ya watu arobaini. Alifungua mlango wa gari akatoka, nikamfuata nikihangaika na zipu ya koti.

Ndani walikuwa watatu tu, Mzee, Esperance na Nabintu. Hakuna Bisogo, hakuna soda. Medard hakukaa. Alisema yote amesimama, kwa Kiswahili chake kile cha kutafuta maneno, mara Kiingereza kinaingia, anakitoa. Alisema kocha alimruhusu. Alisema alibaki kwa sababu aliona labda wangemwita. Alimgeukia Nabintu akasema, "Nilikudanganya." Binti akafunika mdomo kwa kitambaa, akatazama dirishani. Mimi nikasema moyoni, imekwisha, twende zetu nyumbani.

Mzee alisogeza kiti chake mbele. Kisha akamwuliza, "Kocha alikuambia haatakuita. Wazi?" Medard akasema, "Wazi, Mzee." "Na ukabaki." "Nikabaki." "Kama hawangehitaji teke ya mbali, ungesimama pale bure tu?" "Ndiyo, Mzee. Na hata walipohitaji, nilisimama bure."

Mzee akakunja mkono wa sweta yake. Caritas, sijawahi kuona mkono kama ule. Mishipa imevimba kuanzia kiwiko mpaka karibu na kiganja, ina vidonda vya sindano vya zamani na vipya. Nakuandikia maneno yake kama nilivyoyasikia.

"Figo yangu yote mbili imekufa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa niko kwa mashini ya kusafisha damu. Kwa kanisa hakuna anayejua, tulificha, batu basiseme Nshombo anatoa mutoto mbio mbio juu anakufa. Ile njo juu ya nini nilitaka Jumamosi. Na Louisville sikukatala kwa kiburi. Niko kwa liste ya kungojea figo, mwaka ya ine sasa. Wakipiga simu, nafika hospitali kwa saa mbili ao wanapatia mwengine. Mwezi wa tisa docteur aliniambia, papa, na umri yako usitegemee sana. Aliniambia wazi, sawa vile kocha. Bibi yangu huyu Esperance anasema, twende Texas tuone bajukuu, simu haitalia. Siendi. Nakaa hapa na simu kwa mufuko. Donc basi usinieleze juu ya nini ulibaki. Miye najua."

Esperance alikuwa analia bila sauti. Nadhani hata yeye hakuwahi kumsikia akisema hivyo. Mimi niliyemwita mzee mgumu kwenye barua ya kwanza nilitazama sakafu.

Kisha akamwambia Nabintu, "Amekudanganya wewe, haiko miye. Jibu ni yako." Binti akashusha kitambaa. Akamwambia Medard kwa Kiingereza kitu ambacho sikukidaka chote, kwa hasira, kirefu. Medard akawa anaitikia tu. Mwishoni akasema kwa Kiswahili ili sote tusikie: "Siku ingine ukitaka kungoja, uniambie, tungoje wote wawili." Mzee akampa Medard mkono. Ule mkono wenyewe. Medard akaupokea kwa mikono yake miwili, polepole, akiogopa kumwumiza.

Tumepewa binti, Caritas.

Kuna jambo moja limebaki. Mzee ameomba harusi iwe hapa Cheektowaga, Jumamosi yoyote ya karibu, kanisa lililo jirani na hospitali, ili simu ikilia afike. Nimekubali bila kukuuliza. Najua umemaliza siku zako za ruhusa, najua umechoka, na najua basi linachukua saa kumi na mbili njiani. Safari hii usinigombeze, njoo tu.

Kaka yako,
Leopoldi